Karatasi Moja, Msimu Mzima: Kumbukumbu za Kuchora Jamii ya Airisi Kandokando ya Ziwa Victoria

Mchoro wa kibotania ni picha ya mmea inayochorwa ili kuutambulisha mmea huo, wala si kwa ajili ya kupamba sebule, ingawa mara nyingi picha ya namna hiyo huwa nzuri kiasi cha kutundikwa ukutani. Tofauti kati yake na picha ya kawaida ya maua iko katika wajibu: msanii wa kawaida huwajibika kwa hisia zake na kwa macho ya watazamaji wake, ilhali mchoraji wa kibotania huwajibika kwa mmea wenyewe, hata mtu aliye mbali, ambaye hajapata kuuona mmea ule ukiwa hai, aweze kuutofautisha na ndugu zake wote kwa kuitazama karatasi tu. Kumbukumbu zinazofuata zinahusu mafunzo aliyoyapata mwandishi wa makala haya katika miaka ya kuchora mimea ya jamii ya airisi mkoani Mwanza na katika maeneo mengine ya pwani ya Ziwa Victoria. Hoja inayozibeba ni moja, nayo ni kwamba mchoro wa kweli wa ua haukamiliki kwa siku moja, kwa kuwa karatasi moja inatakiwa kubeba msimu mzima wa maisha ya mmea, na mchoraji asiyekuwa tayari kungoja, kurudi na kusahihisha hujikuta akibuni kile ambacho hakukiona.

Neno airisi limetokana na jina la Kigiriki la upinde wa mvua, na katika elimu ya mimea linataja jenasi iitwayo Iris, yaani kundi la spishi zenye udugu wa karibu, ambalo lina spishi zipatazo 300 zinazoota zenyewe Ulaya, Asia, Afrika ya Kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Ua hilo limewashughulisha wachoraji kwa karne nyingi. Jarida la mimea lililoanzishwa na William Curtis mjini London mwaka 1787 lilifungua kurasa zake kwa kielelezo cha Iris persica. Pierre-Joseph Redouté alichora airisi nyingi katika Les Liliacées, kitabu kilichotolewa mjini Paris kati ya mwaka 1802 na 1816. Na mwaka 1913 William Rickatson Dykes alichapisha kitabu kikubwa juu ya jenasi hiyo, chenye vielelezo vya rangi vilivyochorwa na F. H. Round. Msomaji wa Mwanza anayevifungua vitabu hivyo anaweza kudhani kwamba maua hayo ni mali ya nchi za baridi peke yake, hasa akijua kwamba kusini mwa Jangwa la Sahara hakuna hata Iris moja yenye asili ya huko. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyoifungulia njia kazi inayosimuliwa hapa.

Iris ni tawi moja tu la familia kubwa ya mimea iitwayo Iridaceae, yenye spishi zaidi ya 2,000, ambazo zaidi ya nusu yake hupatikana kusini mwa Afrika. Tanzania imejaliwa matawi kadhaa ya familia hiyo. Lipo tawi la Gladiolus, ambalo mwakilishi wake anayeenea kuliko wengine ni Gladiolus dalenii, mmea unaoweza kufikia kimo cha mita moja na nusu, wenye maua ya rangi ya machungwa na manjano yanayopangana kwenye shina kuanzia chini kwenda juu. Lipo tawi la Moraea, na hasa Moraea schimperi, lenye maua ya urujuani yanayofanana na airisi ya Ulaya kiasi cha kumdanganya mgeni. Yapo pia matawi ya Aristea, yenye maua madogo ya buluu, na Dietes, ambayo spishi yake yenye maua meupe, Dietes iridioides, ni mmea wa misitu ya Afrika Mashariki na Kusini, na leo hupandwa sana katika bustani. Hata zile gladiola zinazouzwa na wauza maua kwa ajili ya harusi na misiba zina damu ya Afrika, kwa kuwa Gladiolus dalenii ni mmojawapo wa wazazi wa machotara yaliyoanza kuzalishwa mjini Ghent, Ubelgiji, katika karne ya 19, na kutoka huko yakasambaa ulimwenguni mpaka yakarudi barani yakiwa yamefungwa katika mashada.

Kabla ya kueleza makosa yaliyofanyika, inafaa kueleza jinsi ua la familia hii lilivyojengwa, kwa sababu makosa yote ya mwanzo yalitokana na kutoujua ujenzi huo. Ua la Iridaceae limesimama juu ya hesabu ya tatu. Lina vipande sita vya rangi, vilivyo katika duara mbili za vitatu vitatu, ambavyo kitaalamu huitwa tepali, kwa kuwa haviwezi kugawanywa waziwazi kuwa sepali za kijani na petali za rangi kama ilivyo katika maua mengine mengi. Lina stameni tatu, yaani viungo vya kiume vinavyobeba chavua. Chini ya vipande hivyo vya rangi, wala si ndani yake, ndipo ilipo ovari, ambayo ni chumba cha mbegu changa, nayo imegawanyika ndani katika sehemu tatu. Hesabu ya stameni ndiyo inayoitenga familia hii na mayungiyungi, ambayo kwa kawaida yana stameni sita, na mtu aliyeifahamu hesabu hiyo hahitaji kitabu ili ajue ua lililo mbele yake ni la upande upi.

Mchoro wa kwanza wa mwandishi, wa Gladiolus dalenii iliyoota kati ya majabali nje kidogo ya jiji, ulikuwa na stameni sita. Ua lilikuwa mezani, ndani ya chupa ya maji, umbali wa mkono mmoja, nalo lilikuwa na stameni tatu, lakini mkono ulichora sita, kwa sababu kielelezo kilichokaririwa shuleni miaka mingi kabla ya hapo kilikuwa cha yungiyungi, na kumbukumbu ya kielelezo kile ilikuwa na nguvu kuliko ushahidi wa macho. Kosa hilo halikugunduliwa siku ile wala wiki ile. Liligunduliwa baada ya rangi kukauka na baada ya watu kadhaa kuusifu mchoro, pale ua la pili lilipopasuliwa kwa wembe na viungo vyake kupangwa kimoja kimoja juu ya karatasi nyeusi. Tangu siku hiyo sheria ya kwanza ya kazi ikawa ni kuhesabu kabla ya kuchora na kuchora kabla ya kupaka rangi, kwa kuwa rangi huficha kosa la hesabu kama chokaa inavyoficha ufa wa ukuta.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi na lilifundisha zaidi. Katika ua la Moraea, kama ilivyo katika Iris yenyewe, staili, yaani kiungo cha kike kinachoinuka kutoka kwenye ovari na kubeba stigma inayopokea chavua, haikubaki kuwa kijiti chembamba, bali imegawanyika katika matawi matatu mapana yenye rangi, yaliyochanika ncha, ambayo kwa mtazamaji wa haraka ni petali kama petali nyingine. Chini ya kila tawi imejificha stameni moja, na kati ya tawi hilo na tepali iliyo chini yake kuna njia nyembamba ambamo nyuki hupenya akifuata asali, akijipaka chavua mgongoni anapopita. Mwandishi alichora ua hilo likiwa na petali tisa na bila stameni yoyote, na mchoro ulikuwa mzuri, wenye ulinganifu, na wa uongo kabisa. Kweli ya ua ilijulikana kwa kuinua tawi moja la staili kwa ncha ya sindano na kuikuta stameni imelala chini yake. Funzo lililopatikana ni kwamba ulinganifu unaoyafurahisha macho si ushahidi, na kwamba swali la mchoraji halipaswi kuwa jinsi sehemu fulani inavyoonekana tu, bali pia inafanya kazi gani, kwa maana kiungo ambacho kazi yake haijaeleweka huchorwa vibaya hata na mkono hodari.

Wachoraji wa kale wa mimea ya nchi za ziwa walikutana na ugumu wa aina nyingine. John Hanning Speke aliliona ziwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, na aliporudi katika safari ya mwaka 1860 hadi 1863 alifuatana na James Augustus Grant, askari aliyependa mimea na aliyekuwa na mkono wa kuchora. Njiani Grant alipata kidonda kibaya cha mguu, na Speke alipoendelea kwenda Buganda mwanzoni mwa mwaka 1862, yeye alibaki Karagwe, katika ufalme wa Rumanika, mpaka mwezi wa Aprili. Mimea aliyoikusanya safarini ilielezwa baadaye katika machapisho ya Linnean Society ya London kati ya mwaka 1872 na 1875, kwa msaada wa wataalamu wa bustani ya Kew wakiwemo Daniel Oliver na John Gilbert Baker, ikiwa na vielelezo zaidi ya 100 pamoja na maelezo ya Grant mwenyewe kuhusu mahali mimea ilipoota na namna wenyeji walivyoitumia. Kwa mchoraji wa leo, miezi ile ya Karagwe ina maana ya pekee, kwa sababu mtu aliyezuiwa na mguu wake kuendelea na safari hulazimika kuitazama ardhi ile ile ikibadilika kutoka mvua hadi mvua, na kutazama kwa namna hiyo ndiko kunakohitajiwa na mmea, ambao hauwezi kumfuata msafiri.

Katika karne ya 20, kazi ya kuchora mimea ya Afrika Mashariki ilipata mtu mwenye bidii kubwa katika Joy Adamson, aliyefika Kenya mwaka 1937 na ambaye, kabla ya ulimwengu kumfahamu kwa habari za simba, alichora mamia ya mimea ya porini, akihimizwa na mume wake wa wakati huo, Peter Bally, mtaalamu wa mimea wa makumbusho ya Nairobi. Mwaka 1947 Royal Horticultural Society ya Uingereza ilimtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo. Kwa upande wa maandishi, kazi kubwa iliyoorodhesha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, iitwayo Flora of Tropical East Africa, ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikamalizika mwaka 2012, baada ya miaka 60 na spishi zaidi ya 12,000, na sehemu yake inayohusu jamii ya airisi iliandikwa na Peter Goldblatt, aliyejitolea maisha yake kwa familia hiyo. Vielelezo vya kazi hiyo ni vya wino mweusi tu, bila rangi, na mwandishi wa makala haya alichukua muda mrefu kuelewa kwamba upungufu ule ulikuwa na hekima ndani yake, kwa kuwa mstari mweusi hauna mahali pa kujificha.

Uelewa huo ulikuja pamoja na funzo la tunguu. Gladiolus na Moraea huishi kiangazi chote zikiwa chini ya ardhi, katika shina fupi nene ambalo kwa nje hufanana na kitunguu, lakini likikatwa huonekana kuwa gumu mpaka ndani kama gimbi, bila tabaka za kumenyeka. Tunguu hilo limevikwa maganda makavu, ambayo katika spishi moja huwa laini kama karatasi, katika nyingine huwa nyuzi zilizosukwa kama wavu, na katika nyingine huwa magumu kama gome, na kwa mtaalamu maganda hayo ni miongoni mwa alama za kuaminika za kuitofautisha spishi moja na nyingine. Mchoro usioonyesha tunguu ni sawa na taarifa ya mtu isiyotaja ukoo wake. Hata hivyo tunguu halionekani bila kuchimba, kuchimba kunaweza kuuua mmea, na ardhi ina wenyewe.

Usukumani upo utaratibu wa ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na vichaka vipumzike, kisha hufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi kikali. Kwa kuwa ng'ombe hawaingii humo mvua inaponyesha, maua ya porini hupata nafasi ya kuchanua na kutoa mbegu, na ndiyo maana mchoraji anayetafuta gladiola za asili huvutwa na ngitili kuliko sehemu nyingine yoyote. Asubuhi moja ya Desemba mwandishi aliingia katika ngitili ya familia moja bila kuomba ruhusa, akachimba matunguu matatu, na alipokuwa akiyafunga katika gazeti akatokea mzee mwenye ngitili, ambaye baada ya salamu ya mwangaluka kujibiwa alisema kwa upole, "Mwanangu, hapa hata ng'ombe wangu mwenyewe haingii mpaka kiangazi, nawe umeingia na jembe." Hakukuwa na jibu la kutoa isipokuwa kuomba radhi. Mzee alikubali radhi hiyo kwa sharti kwamba matunguu mawili yarudishwe shimoni mbele yake, na baada ya hapo, katika misimu iliyofuata, yeye ndiye aliyekuwa akieleza mahali ua lilipotokea, jiwe lililokuwa karibu nalo, na kama mwaka ule lilichelewa au liliwahi. Ilidhihirika kwamba mwenye ardhi alikuwa na kumbukumbu ya miaka mingi ya mmea ule mmoja, na kwamba jembe lililoingia bila hodi lilikuwa karibu kuipoteza kumbukumbu hiyo. Kanuni iliyotokana na siku ile ni kuomba kwanza, kuchimba tunguu moja tu pale mimea ilipo mingi, kulichora siku hiyo hiyo likiwa bado na udongo wake, na kulirudisha ardhini kabla ya jua kuzama.

Funzo la kurudi lilikamilishwa na Moraea schimperi katika nyasi zenye unyevu za magharibi mwa ziwa. Mmea huo una tabia ya kutoa ua mwanzoni mwa mvua, mara nyingi mahali ambapo moto wa kiangazi umepita, wakati jani lake pekee bado ni fupi au halijafunguka vizuri, na jani hilo huendelea kurefuka baada ya ua kupita. Mchoraji anayefika siku ya maua hupata ua bila jani kamili, na anayefika baadaye hupata jani bila ua. Jambo hilo si dogo, kwa sababu jani ni shahidi muhimu katika familia hii: jani la Gladiolus na la Iris limekunjika na kuungana hata likawa bapa kama upanga, pande zake zote mbili zikifanana, na ndiyo maana ya jina gladiolus, ambalo kwa Kilatini ni upanga mdogo, ilhali jani la Moraea liko wazi kwa juu kama mfereji. Katika jaribio la kwanza mwandishi alilichora jani la Moraea kwa kukisia, akaazima umbo la upanga kutoka kwa gladiola aliyoizoea, na hivyo mmea wa karatasini ukawa na kichwa cha jenasi moja na mwili wa jenasi nyingine. Ilibidi kurudi baada ya wiki saba, kuutafuta mmea ule ule kwa alama ya kijiti kilichochomekwa kando yake, na kulichora jani jipya juu ya karatasi ile ile, na kuandika tarehe ya pili chini ya tarehe ya kwanza.

Kuhusu rangi, ua lililofundisha zaidi lilikuwa jeupe. Dietes iridioides huchanua kwa siku moja tu, hivyo mchoraji ana saa chache kabla tepali hazijaanza kujikunja, naye hana rangi nyeupe ya kutumia, kwa kuwa katika uchoraji wa rangi za maji weupe wa ua ni weupe wa karatasi yenyewe ulioachwa bila kuguswa. Kinachopakwa ni vivuli tu, na kivuli cha ua jeupe si kijivu cha kopo: upande wa dirisha linalotazama ziwa hubeba buluu hafifu, upande wa majani hubeba kijani kilichoakisiwa, na karibu na alama ya manjano iliyo katikati ya tepali kivuli hupata joto kidogo. Hewa ya ziwani nayo ina sharti lake, kwani siku za mvua karatasi huchelewa kukauka, rangi ya pili hupakwa juu ya ya kwanza ikiwa mbichi, na mpaka uliokusudiwa uwe mkali hutawanyika kama ukungu. Baada ya karatasi nyingi kuharibika, ilionekana ni bora kutumia siku ya ua kwa vipimo, mistari na sampuli ndogo za rangi zilizoandikwa majina pembeni, kisha kupaka rangi kamili siku kavu kwa kuzifuata sampuli hizo. Mmea wa Dietes hurudia kuchanua kwenye shina lile lile kwa awamu, kwa hiyo shina lisipokatwa ua lingine huja, na mchoraji hupata nafasi ya kulinganisha alichokiandika na kilichopo.

Liko kosa jingine ambalo halikuhusu mkono wala jicho. Mchoro mmoja wa gladiola, uliochukua majuma mengi na ambao ulikuwa sahihi katika kila kiungo, ulipelekwa kwa mtaalamu wa hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi pamoja na maelezo yake, kama ile ya Taifa iliyoko Arusha au ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi. Mtaalamu aliutazama kwa muda, akausifu, kisha akauliza mambo matatu: mmea huo ulitoka wapi, ulichorwa lini, na sampuli yake kavu iko wapi. Hakuna hata moja lililokuwa limeandikwa, na mwaka ulikuwa umepita, na mwandishi hakuweza kukumbuka kwa uhakika kama mmea ule ulitoka Misungwi au Magu. Mchoro haukuwa na kosa, lakini haukuweza kuwa ushahidi wa chochote, kwa kuwa ulionyesha kwamba mmea wa namna ile upo duniani bila kuonyesha kwamba upo mahali fulani. Tangu hapo kila karatasi hubeba, kwa penseli isiyofifia kwa maji, jina la kijiji, aina ya udongo, tarehe ya kila sehemu iliyochorwa, kipimo cha ukubwa, na jina ambalo watu wa mahali pale wanauitia mmea huo, likiandikwa kama lilivyotamkwa na aliyelitaja, kando ya jina la Kilatini.

Mtu anaweza kuuliza iwapo mchoro uliounganishwa hivyo, wenye ua la Novemba, jani la Januari na tunguu lililochimbwa siku nyingine, ni mchoro wa kweli, ikiwa hakuna siku ambayo mmea wowote umesimama mbele ya mtu ukiwa na sehemu hizo zote kwa pamoja. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha sanaa hii. Kamera hupokea dakika moja ya mmea mmoja, pamoja na jani lake lililotafunwa na panzi na ua lake lililopigwa na mvua, na hilo lina thamani yake. Mchoro wa kibotania hukusanya yaliyo ya kudumu katika spishi kutoka katika siku nyingi na mimea kadhaa, na kuyaweka mahali pamoja ili yasomeke. Kukusanya huko si kubuni, mradi kila sehemu iwe imeonekana kwa macho, imepimwa, na imeandikiwa tarehe yake. Mpaka kati ya mkusanyaji na mbuni ni mwembamba kama mstari wa penseli, na kinachoulinda ni uaminifu wa mtu akiwa peke yake mezani, jioni, pale sehemu moja inapokosekana na mkono unajua vizuri jinsi ya kuijaza.

Kutokana na hayo ipo haja ya kusema wazi kwamba kazi hii inawafaa vijana wa Kanda ya Ziwa kuliko inavyodhaniwa. Vifaa vyake ni penseli mbili, kifutio, rula, lenzi ya mkono, wembe, karatasi nzuri na rangi chache, na kilicho ghali zaidi ya vyote, yaani ukaribu na mmea katika majira yake yote, wanacho tayari kwa kuzaliwa mahali walipozaliwa. Mgeni aliyekuja kwa majuma mawili hawezi kuliona jani la Januari, lakini mwanafunzi anayepita njia ile ile kwenda shule kila siku hulipita. Sehemu kubwa ya michoro ya mimea ya nchi za ziwa ilifanywa na watu waliokuwa wakipita, na wengine waliichora kutokana na sampuli kavu zilizofika mikononi mwao mbali na hapa. Bidii yao inastahili heshima, na heshima bora ni kuikamilisha kazi yao kwa kile ambacho msafiri hakuweza kuwa nacho, yaani muda wa kukaa.

Karatasi ya Moraea schimperi iliyotajwa hapo juu bado ipo, na imekwisha kubeba tarehe nne: ya ua, ya jani, ya tunguu, na ya matawi ya staili yaliyochorwa upya baada ya kosa la petali tisa kusahihishwa. Upande wake wa kulia, chini, pana nafasi tupu yenye ukubwa wa kiganja, iliyozungushiwa mstari hafifu. Nafasi hiyo ni ya tunda, ambalo katika msimu mmoja lililiwa na mifugo kabla halijakomaa, na katika msimu uliofuata lilikuta moto umelitangulia. Ingekuwa rahisi kulichora kwa kuazima tunda la spishi jirani, na pengine hakuna mtazamaji ambaye angelitambua kosa hilo. Nafasi imeachwa wazi, na kijiti cha alama bado kimesimama kando ya mmea, kikingoja mvua nyingine.